Meza ya Nguzo za Bwana Mwidani

Nimefanya kazi Pangani, Tanga, Malindi, na Lamu miezi minne, na kote huko niliondoka kwa sababu moja tu. Kazi ikienda mrama, mimi sikuwepo. Sikuwa mwizi wala mlevi. Nilikuwa seremala mwenye mikono mizuri na miguu myepesi. Mteja akianza kukunja uso, mimi nimeshatia vyombo guniani: msumeno, randa, nyundo na patasi tatu. Kesho yake ukiniuliza, niko mji mwingine najisifu.

Likoni nilifika mwaka wa sitini, umri wangu umeshapita arubaini, nikapanga chumba Shika Adabu kando ya ile barabara ya Tanga. Nilipachagua makusudi. Basi lilipita mlangoni kwangu kila siku baada ya alasiri, na mimi nilipenda kulala mahali ambapo kuondoka ni rahisi.

Ng'ambo ya barabara aliishi Bi Mwanatabu, mjane, katika nyumba ya mawe aliyoijenga babake, Bwana Mwidani. Mvua zile kubwa za mwisho wa sitini na moja ndizo zilizoiangusha. Ilianza kwa ufa, ikaja ikalala asubuhi moja, yeye akiwa uani anafua. Hakuumia mtu. Lakini mlango wa mbele ulibaki umesimama peke yake na fremu yake, kulia hakuna ukuta, kushoto hakuna ukuta, kufuli imefungwa. Na wallahi nilimwona kwa macho yangu: kwa siku tatu alikuwa akitoa ufunguo kwenye pindo la leso, anafungua, anaingia kwenye kifusi, anafunga nyuma yake.

Siku ya nne nikavuka barabara.

"Bi Mwanatabu," nikamwambia, "huku pembeni ni wazi. Waweza kupita."

"Nyumba ya watu huingiwa mlangoni, Ishaka," akanijibu. "Wewe ndiye uliyezoea kutokea pembeni."

Kama mtu anaweza kutaja siku na saa, basi hapo ndipo nilipompenda.

Nilimjengea nyumba ya udongo na makuti palepale, vyumba viwili. Ule mlango haukuingia, ulikuwa mpana kuliko ukuta wenyewe. Tukaulaza kwenye banda kando ya nyumba, mbao zake mbili, miimo yake na kizingiti chake, pamoja na mbao za madirisha na nguzo nne.

Hizi nguzo lazima nizieleze, maana habari yote imesimama juu yake. Zilikuwa fupi, za mbambakofi, zilizosimama juu ya ukuta wa baraza zikibeba paa. Bwana Mwidani alikuwa mchongaji. Kila alipozaliwa mtoto nyumbani, alitoa nguzo moja tupu akaweka aliyoichonga mwenyewe: juu kilemba cha maua, katikati msokoto kama wa kamba, na chini kabisa, kwenye unyayo wa nguzo, jina la mtoto kwa herufi za Kiarabu. Mimi chuoni nilifika juzuu ya tatu nikatoroka, lakini majina nilijua kuyasoma. Boga. Mwanarusi. Mwanarehema. Mwanatabu. Watatu wa kwanza walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Wa nne ndiye huyu aliyekuwa akinimiminia chai.

Nilipomwambia nataka kutuma watu waje kumposa, alicheka mpaka akaweka birika chini.

"N'ambie kwanza," akasema. "Katika miji yote hiyo unayonihadithia, ni wapi ulipomaliza kazi, ukakaa, ukamwona mwenyewe akiitumia?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena.

"Pangani," nikasema.

"Kazi gani?"

"Mbuzi ya kukunia nazi."

"Ngapi?"

"Moja."

"Haya. Basi fanya kazi moja kubwa. Mwenyewe aikalie, na wewe uwepo, ukimtazama. Ndipo utume watu kwa ami yangu. Mume mmoja nimeshamzika, sitaki wa pili anitoroke yu hai."

Kazi yenyewe ililetwa na Kioko. Huyu alikuwa Mkamba, dereva wa lori la mchanga, mtu wa kelele na moyo mweupe. Siku moja alisimamisha lori mbele ya banda na ndani yake mna bwana mfupi, nadhifu, ana kalamu mbili mfukoni. Jina lake Gershom, Mrabai, karani katika mabohari ya mafuta kule Changamwe. Uhuru ulikuwa unanukia, Wazungu wengine walikuwa wameshaanza kufunga makasha, na Gershom alikuwa amepewa cheo cha mmoja wao pamoja na kota yake.

"Kota ina chumba cha kulia, fundi," akaniambia. "Chumba kizima, kazi yake kula tu. Yule bwana alibeba meza yake akaondoka. Sasa chumba kina dirisha la kioo, na ndani mna ndoo na fagio."

"Kanunue ya dukani."

"Ikija ya dukani watu watasema nimeokota ya Mzungu. Nataka meza ambayo hata yeye hakuwa nayo." Akanyoosha kidole bandani. "Ya mbao zile."

Alikuwa ameuona mlango. Alitaka meza ya watu sita na viti vyake, na alitaka kabla ya Jumapili ya tatu kutoka siku ile, maana mkwewe, Mzee Mwarandu, alikuwa anakuja kutoka Rabai kwa mara ya kwanza. Mzee huyo aliwahi kusema mbele ya watu, siku ya mahari, kwamba binti yake Pascalia anaolewa na mtu asiye na pa kumkalisha mgeni.

Nilimpelekea Bi Mwanatabu habari. Nilidhani atakataa. Tajiri mmoja wa mjini alikuwa amezitaka zile nguzo azipeleke ng'ambo, naye Bi Mwanatabu alimfukuza kwa ufagio. Lakini safari hii alikwenda bandani, akainua nguzo moja. Chini yake mchwa walikuwa wameshaanza kujenga.

"Nguzo kazi yake kubeba," akasema. "Kuliko ziliwe na mchwa zimelala, bora zibebe sahani za watu. Lakini sikiliza, Ishaka. Mlango na nguzo viende pamoja, sitaki vigawanywe kama nyama ya sadaka. Na msumeno usiziguse nguzo, juu wala chini. Juu ni maua ya baba, chini ni sisi."

"Msumeno hautagusa."

"Niapie."

"Wallahi hautagusa."

Basi nikafanya kazi, na sijapata kufanya kazi kama ile. Zile mbao mbili za mlango nilizing'oa vifungo vya shaba, nikaziunganisha ubavu kwa ubavu, nikazipiga randa upande wa ndani mpaka zikang'aa kama zimepakwa mafuta. Tundu la kufuli nililiziba kwa kipande cha mti uleule, ukipapasa usipaone. Nguzo nne zikawa miguu, vilemba vya maua vikishika ubao, majina yakikaa sakafuni. Viti sita nilivitoa katika mbao za madirisha. Kila jioni nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama, na kila jioni nilisema moyoni, hii imekaa sawa. Kimo chake kilinipendeza. Mkono ulitua juu yake bila kuinama.

Jumatano kabla ya ile Jumapili tuliipandisha kwenye lori la Kioko, tukavuka feri, tukafika Changamwe. Pascalia alitupokea. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha kwaya. Ilipoingia chumbani akapiga kigelegele. Majirani wawili walichungulia dirishani. Gershom akazunguka meza mara mbili, akapapasa maua, akavuta kiti, akakaa.

Meza ilimfika shingoni.

Gershom akaweka mikono juu ya meza, mabega yakampanda masikioni. Alionekana kama mtu aliye kisimani anayeshika ukingo.

"Mume wangu yuko wapi?" Pascalia akauliza.

Kioko ndiye aliyeanza kucheka, na akishaanza huyo hawezi kuacha. "Fundi! Umetengeneza kaunta ya posta!"

Nikaomba nami nikae. Nikakaa. Kidevu changu kikawa juu kidogo tu ya ubao. Hapo ndipo nilipofahamu. Mimi tangu kuzaliwa nimekula mkekani. Maisha yangu yote meza niliyoijua ilikuwa moja, meza ya seremala, ile unayosimama kwayo ukapiga randa. Kila jioni nilipoitazama nilikuwa nimesimama. Ubao niliupima, kiti nilikipima. Mtu wa kukaa hapo katikati sikumpima.

Gershom hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alitoa kalamu akaweka alama kwenye mguu wa meza, shibiri moja kutoka chini.

"Kata hapa, fundi. Miguu yote minne. Kazi ya saa moja."

Alama ilikuwa juu kidogo ya jina la Boga.

"Hapo hapakatwi," nikasema.

"Basi kata juu."

"Juu pia hapakatwi."

"Sasa Mzee Mwarandu nimkalishe wapi Jumapili? Begani kwangu?"

Kioko akanivuta pembeni. "Rafiki, kata tu. Huyo mama yuko Likoni, meza iko Changamwe. Ataona na nini?"

"Nimeapa."

"Umeapa kwa mama, hukuapa kwa mbao."

Nikamwambia Gershom anipe mpaka kesho. Nikarudi na lori mpaka feri, nikavuka kwa miguu, na njiani kote nilikuwa nahesabu niliyo nayo. Nikikata, nimemkata Bi Mwanatabu na ndugu zake. Nisipokata, kazi imekwama, mwenyewe hakuikalia, na sina cha kutuma watu. Nilipofika chumbani mikono yangu ilikuwa imeshaanza yenyewe. Msumeno guniani. Randa. Nyundo. Patasi tatu. Nikatoka nikasimama kando ya barabara. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa, na Tanga nilimjua mtu.

Bi Mwanatabu alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa kwenye kiti kikubwa cha babake, kile cha enzi, kitu kingine pekee kilichotoka kizima kwenye kifusi.

"Ishaka," akaita kutoka ng'ambo. "Gunia hilo la nini?"

"La vyombo."

"Vyaenda wapi?"

Basi likatokea kwenye kona, limepakia magunia juu, utingo ananing'inia mlangoni. Aliniona, akapiga bati mara mbili, likapunguza mwendo.

"Tanga, mzee! Tanga, Tanga!"

Bi Mwanatabu hakuinuka. Alitoa chuya moja kwenye mchele, akaitupa.

"Panda basi," akasema. "Lakini mtu huaga."

Ni lile neno la kuaga lililonivusha barabara. Nilivuka mbele ya basi, dereva akanitukana, nikafika nikasimama mbele yake na gunia begani nikamweleza yote. Meza, shingo ya Gershom, alama ya kalamu, jina la Boga. Nilimwambia hata la Kioko. Basi likaondoka nyuma yangu na vumbi lake, na mimi bado naeleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, akacheka mpaka ungo ukamwaga mchele.

"Ati shingoni?"

"Shingoni, Bi Mwanatabu."

"Na wewe uliitazama umesimama."

"Nilikuwa nimesimama."

"Ishaka, wewe hujakaa hata kwa meza uliyoitengeneza mwenyewe!" Akajifuta machozi kwa leso. "Haya, okota mchele wangu."

Nikapiga magoti kuokota mchele. Na nikiwa pale chini, macho yangu yakawa sawa na miguu yake. Haikugusa ardhi. Ilikuwa imetulia juu ya kile kibao cha mbele, kinachotoka kwenye kiti cha enzi kama ulimi, ambacho mgeni wa heshima huwekea nyayo. Kiti kilikuwa kirefu. Nilikuwa nimekipita kila siku kwa miaka miwili.

"Bi Mwanatabu, shuka kidogo."

"Nishuke niende wapi?"

"Shuka, nipime."

Nikakipima kwa mkono. Kutoka ardhini mpaka pa kukalia, shibiri tatu. Viti vyangu vilikuwa shibiri mbili. Kutoka ardhini mpaka kibao cha miguu, shibiri moja kamili.

Yeye alikuwa ameshafahamu kabla yangu. "Kumbe meza si ndefu," akasema. "Viti ndivyo vifupi. Kile kizingiti cha mlango, kiko wapi?"

"Bandani."

"Hakikuchongwa kitu. Hicho kata."

Alhamisi asubuhi Kioko alivirudisha viti Likoni, akinung'unika kwamba lori lake limekuwa la harusi. Kila kiti nilikisimamisha juu ya fremu ya kimo cha shibiri moja, niliyoitoa katika miimo ya mlango, miguu ya kiti ikazama ndani ya fremu kwa matundu ya patasi, bila msumari. Kizingiti nilikipasua vipande sita, kila kimoja kikawa kibao cha mbele cha kuwekea miguu. Mti ule ulikuwa umekanyagwa miaka sabini, katikati umelika kama sabuni. Nikauacha vilevile, na lile bonde sikulipiga randa. Safari hii kila kiti kilipokwisha, nilikikalia. Kioko alinikuta nimekaa bandani peke yangu, mikono juu ya meza isiyokuwepo, nashika tonge la hewa.

"Fundi," akasema, "sasa umeharibika kabisa."

Jumamosi vilifika Changamwe. Gershom alipanda, akaweka nyayo kibaoni, akaweka viwiko mezani. Halafu akasema polepole, "Pascalia, niletee chai. Hata kama ni ya baridi."

Jumapili nilikwenda na Bi Mwanatabu. Alivaa buibui jipya na alisema anakwenda kukagua nguzo, hakusema anakwenda kula. Nilichinja kuku mimi mwenyewe asubuhi ile, Pascalia alikuwa ameniita kusudi ili mgeni wangu asipate kisingizio cha nyama isiyo halali, na wali aliupika kwa nazi mpaka jirani wakauliza kuna nini.

Mzee Mwarandu aliingia na mkewe baada ya kanisa. Alikuwa mzee mkavu, mwenye koti na bakora, uso wa mtu aliyekuja kutafuta kosa. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kulia akakitazama. Akagonga meza kwa bakora. Ikamjibu kama ngoma. Akakitazama kiti.

"Hiki nakiparamia?"

"Weka mguu hapo kwanza, baba," Pascalia akamwambia.

Aliweka mguu kwenye lile bonde la kizingiti, akajivuta, akakaa, akauleta mguu wa pili. Akatulia. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetoa salamu za mwisho wa sala.

"Mama Pascalia," akamwambia mkewe, "njoo ukae. Leo mimi ni liwali."

Gershom alikuwa ameshika mgongo wa kiti chake kwa nguvu, nikaona vidole vyake vinalegea kimoja kimoja.

Bi Mwanatabu hakukaa mara moja. Alizunguka meza akainama kwenye kila mguu, akapitisha kidole kwenye kila jina. Kwenye la Boga alisimama. Alama ya kalamu ya Gershom ilikuwa bado ipo kwenye nguzo ya Boga, nilisahau kuifuta, naye aliiona, akanitazama, akailamba ncha ya leso akaifuta mwenyewe. Halafu akavuta kiti cha pembe ile yenye jina lake, akapanda.

"Ishaka," akasema, "mbona umesimama?"

"Uliniambia niwepo niwatazame."

"Umeshatazama. Kaa."

Kiti kilikuwa kimebaki kimoja. Kioko akalalamika kwamba yeye aliyebeba yote hana pa kukaa, akachukua sahani yake, akasimama kwenye ncha ya meza akaweka viwiko. "Kwangu mimi," akasema na mdomo umejaa, "meza hii tangu Jumatano ilikuwa sawasawa."

Mimi Likoni sikuwa na jamaa hata mmoja. Mtu akihamahama kama nilivyohamahama, ikifika siku ya kutuma watu, huna mtu. Basi nilimtuma Mzee Mwarandu, kwa kuwa alikuwa na koti, na Kioko, kwa kuwa alikuwa na lori. Mkristo wa Rabai na Mkamba wa Machakos wakaenda kumposa binti wa Kiislamu wa Likoni. Ami yake Bi Mwanatabu aliwakaribisha, akawapa kahawa, akawatazama mmoja mmoja.

"Huyu Ishaka hana watu wake?"

"Watu wake ndio sisi," Kioko akamwambia.

Nasikia ami alicheka, na Mzee Mwarandu akatumia nafasi ile kueleza habari za kiti chake kwa muda wa saa nzima, mpaka ami akasema haya, haya, chukueni.

Meza iko Changamwe mpaka leo. Gershom alipostaafu aliihamishia nyumba yake mwenyewe hukohuko, na mlango wake ulibidi ung'olewe ili ipite. Sisi kwetu tunakula mkekani. Msumeno, randa na patasi zimetundikwa ukutani, kila kimoja kwenye msumari wake. Gunia lenyewe Bi Mwanatabu alilikata wiki ile ya harusi, akalikunja mara mbili, akalishona pembeni, akaliweka mlangoni la kufutia miguu. Alisema nikitaka kuondoka nilikanyage kwanza. Nalikanyaga kila siku, nikiingia.